Mtungi Ukikugonga Kisogo, Tatizo Si Shingo Yako

Vijana wetu wengi wa Diani, Shimoni, Watamu na Mombasa siku hizi wanapata riziki kwa kuzamia na mtungi wa hewa. Wapo wanaowaongoza wageni kwenye miamba ya Kisite, wapo wanaowashusha kutazama MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa, na wapo wanaokagua na kusafisha matumbo ya vyombo. Tangu mkasa wa Likoni wa Septemba 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri na wapiga mbizi wakalisaka kwa siku nyingi, wanaoniuliza habari za fani hii wamezidi.

Lakini wale ambao tayari wamo kazini hawaniulizi habari za papa wala za kina. Huniuliza: "Ami, mbona mabega na kiuno vyaniuma kila siku?" Wengi wao wameshakubali kwamba maumivu ndiyo kazi yenyewe. Mimi nasema sivyo. Mara nyingi sababu ni mtungi uliofungwa mahali pasipo pake na mikanda iliyokazwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Tuanze na uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11, ambao ndio maarufu kwa wazamiaji wa burudani, una karibu kilo 14 ukiwa mtupu. Ukijazwa hewa hadi bar 200 unaongezeka kilo 2 na nusu hivi. Ukiwa juu ya boti, mzigo wote huo ni wa mgongo wako. Ukiingia majini mambo yanageuka: ukiwa umejaa mtungi huzama kidogo tu, na hewa ikikaribia kwisha huanza kuelea kwa nguvu ya takriban kilo 2. Kitako chake hunyanyuka na kukuinua mgongo. Kwa hiyo mtungi uliofungwa ovyo hukusumbua mara mbili, kwanza nchi kavu kisha majini.

Hatua ya kwanza ni mkanda unaoushika mtungi kwenye jaketi. Uloweshe kabla hujaufunga. Mkanda wa nailoni hulegea ukilowa, na ukiufunga ukiwa mkavu, dakika kumi baadaye mtungi unaanza kuteleza. Mdomo wa vali uelekee kwenye jaketi, na ukingo wa juu wa jaketi ukaribiane na shingo ya mtungi. Kaza bizimu, shika mpini wa jaketi, nyanyua, tikisa. Mtungi ukishuka hata kidogo, fungua uanze upya. Kama jaketi lina kamba ndogo ya kupitisha shingoni mwa mtungi, ipitishe. Mkanda ukilegea majini, kamba hiyo ndiyo inayouzuia mtungi usikuponyoke na kukuchomoa regyuleta mdomoni.

Hatua ya pili ni urefu wa mtungi mgongoni. Hapa hakuna kipimo kimoja cha watu wote, maana mwenye kiwiliwili kirefu hafanani na mwenye kifupi. Vaa jaketi, inama mbele kama unavyolala majini, kisha inua kichwa utazame mbele. Kisogo kikigonga vali au kichwa cha regyuleta, shusha mtungi sentimita 2 au 3 ujaribu tena. Anayezamia kutwa nzima huku amekunja shingo kukwepa chuma, jioni lazima shingo imuume.

Ila usiushushe kupita kiasi. Mtungi wa chini mno huvuta kiuno na miguu, ukawa unaogelea umesimama wima. Mapezi yako yatapiga matumbawe na kutimua mchanga, nawe utamaliza hewa haraka kwa kupambana na maji. Mwamba uliovunjwa kwa pezi ni mwamba ambao mgeni wa kesho hatalipa kuja kuutazama, na samaki wa mvuvi wetu hatapata pa kuzalia.

Hatua ya tatu ni mikanda ya mwilini. Legeza yote kabla ya kuvaa. Anza kwa kufunga wa tumboni, kisha vuta ya mabegani, na wa kifuani uwe wa mwisho. Ya mabegani ikae kwa namna ambayo vidole viwili vinapita chini yake. Sasa jaza jaketi hewa mpaka lijae kabisa, uvute pumzi ndefu. Kifua kikibanwa, legeza. Jaketi likipanda mpaka masikioni, basi wa tumboni umelegea, au jaketi ni kubwa kuliko wewe. Kama lina mkanda wa kupita katikati ya mapaja, utumie, kwani ndio unaolizuia lisipande.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Mkanda wa risasi za uzito uwe juu ya vyote, na ufunguke kwa mkono mmoja. Ukipita chini ya mkanda wa tumbo au wa mapajani, siku ya dharura utauachia na hautaanguka. Mwenzako aukague kabla hamjaruka, nawe ukague wake.

Dada zetu wanaojifunza kuzamia wakiwa wamejisitiri nao wana lao. Vazi la kuogelea la stara linafaa kabisa, bora sketi yake isiwe pana ikanasa kwenye bizimu au kufunika mkanda wa risasi. Kitambaa cha kichwa kisiingie chini ya mpira wa miwani, maana hapo ndipo maji hupenyea. Mkanda wa miwani unaweza kukaa juu ya kitambaa bila shida.

Ukipata kipimo chako, kihifadhi. Tia alama ya uzi au wino usiofutika kwenye kila mkanda. Mwisho wa mbizi, ukiwa mita 5 na mtungi una bar 50 hivi, tulia uangalie mwili wako: je, umelala sawa au kitako cha mtungi kinakupindua? Hapo ndipo utajua kama mbizi ijayo uusogeze mtungi kidogo au usogeze risasi.

Linalonikera ni hili. Katika boti nyingi mgeni hupimwa jaketi tatu mpaka apate linalomkaa, halafu kijana anayemwongoza huchukua lililobaki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mgeni atazamia mara mbili arudi kwao. Kijana huyu atazamia mwaka mzima, na mgongo alio nao ni huo huo mmoja, amana aliyopewa na Mola wake. Wenye boti, mtengeeni kila mwongozaji jaketi lake, lenye alama zake. Nanyi vijana, liombeni kwa adabu, lakini liombeni. Na hata kabla hamjalipata, dakika tano za kulowesha mkanda, kunyanyua, kutikisa na kukaza upya hazihitaji ruhusa ya mtu.