Ndevu za bati la Walikale

Mwaka 2024 roketi zaidi ya 250 zilirushwa kwenda kwenye mzingo wa Dunia, nyingi zikiwa za Marekani na China. China ikaleta udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona, na dunia ikahesabu bendera. Ya Kongo haikuwemo. Lakini ukichunguza ubao wa saketi wa setilaiti yoyote utakuta lehemu, na lehemu kwa sehemu kubwa ni bati.

Hapa Kivu sifa zote wanapewa Masisi kwa koltani ya Rubaya. Sawa, ila kasiterite, madini yanayotoa bati, ya mgodi wa Bisie, Walikale, inaonewa. Mwaka huohuo wa 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, kiasi cha asilimia 6 ya bati la dunia. Zamani wabebaji walitoka nayo mgongoni, magunia ya kilo 50, wakipita msituni hadi Njingala. Kule Kilambo ndege ndogo zilitua kwenye barabara ya lami, magari yakangoja pembeni, magunia yakapakiwa kwenda Goma.

Bati safi huota ndevu. Likipakwa juu ya metali nyingine, mkandamizo uliojificha ndani ya tabaka hilo husukuma nje unywele wa fuwele, mwembamba kuliko unywele wa mtu. Unaota polepole, miezi hata miaka, hata bila joto wala unyevu kuuchochea, na unaweza kufika milimita kadhaa. Na unapitisha umeme. Ukigusa waya wa jirani, shoti. Duniani mara nyingi huungua mara moja, mambo yakaisha. Angani, pasipo hewa, unywele ukiungua hugeuka mvuke wenye chaji, na mvuke huo hupitisha umeme mwingi ajabu mpaka fyuzi ikatike. Tarehe 19 Mei 1998 setilaiti Galaxy IV ilipoteza udhibiti. Kompyuta yake kuu ilidhaniwa kuuawa na ndevu hizo, na ya akiba ilikuwa imekwisha kufa. Peja nyingi za Marekani, za madaktari zikiwemo, zikanyamaza.

Dawa ni kuchanganya risasi kidogo, angalau asilimia 3. NASA inataka hivyo, na sheria ya Ulaya inayobana risasi katika vifaa vya umeme imeviacha nje vifaa vya angani.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi huu wote uko mbali na Bisie. Madini huondoka yakiwa mchanga mzito, yakayeyushwa ugenini, na mtoto wa Walikale hafundishwi shuleni kwamba jiwe la kwao lina tabia hii. Serikali ingeanzia hapo kabla ya kuota setilaiti yake.

Bati lina matumizi mengine pia: makopo ya nyanya na dagaa, kioo cha dirisha kinachomwagwa juu ya bati lililoyeyuka, kengele za shaba nyeusi, dawa za meno, redio, simu. Simu mbovu tunazichoma jalalani, ilhali bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu na fundi mwenye vifaa anaweza kulirudisha.