Limfu Haisafishwi kwa Dawa ya Chupa

Liulizwe Ruiru au Thika, swali ni lile lile: ninywe nini kusafisha limfu, uvimbe upungue? Limfu si uchafu. Ni maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, lita kadhaa kila siku, yakibeba protini na chembe za kinga, kisha yakarudishwa kwenye damu karibu na shingo. Hayana moyo wa kuyasukuma. Husogezwa na mishipa yake inapojikaza, misuli inapofanya kazi na tunapovuta pumzi. Zinazoyachuja ni tezi zilizo njiani.

Sasa tuifuate ile dawa ya kahawia inayouzwa stejini, eti ya kutoa sumu. Ikifika utumboni, sehemu kubwa ya kinachofyonzwa huingia kwenye damu iendayo kwenye ini. Yanayopita njia ya limfu hasa ni mafuta. Muuzaji atajibu kwamba wateja wamepona. Ni kweli wengi uvimbe umewaishia, kwa sababu tezi iliyovimba kwa maambukizi ya koo kwa kawaida hurudi yenyewe baada ya wiki chache, dawa iwepo isiwepo. Wengine wamehara na kukojoa hadi wakapungukiwa maji, uvimbe ukapungua kwa muda. Ila mishipa ya limfu ikiharibika, protini hubaki kwenye nyama na kuyavuta maji upya, na ngozi huzidi kukakamaa. Kinachonikera zaidi ni miezi inayopotea: tezi ya shingoni isiyouma, pamoja na jasho la usiku na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu, kinachotibiwa bure katika hospitali za umma kwa takriban miezi 6, au saratani, isiyomsubiri mtu amalize chupa. Wanaosema ni matende nao wakumbuke kwamba nchini Kenya minyoo yake, inayoenezwa na mbu, iko Pwani: Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River. Aliyeishi Thika maisha yake yote atafute sababu nyingine.

Tezi ngumu, iliyodumu zaidi ya wiki 4, au iliyo juu ya mtulinga: nenda hospitali ya Ruiru Level 4 au Thika Level 5 ichunguzwe. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda. Ikivimba yote miwili, upimwe moyo, figo na ini, na umtajie daktari dawa zako za presha, kwani amlodipini huvimbisha vifundo. Mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi unataka mazoezi, bandeji ya kubana iliyopimwa na mtaalamu, ngozi iliyopakwa mafuta, na kila mchubuko uoshwe mara moja. Ukiona wekundu na homa, usingoje asubuhi.