Kocha Si Mlezi

Waajiri wengi humkabidhi mfanyakazi mpya kwa bosi wake wakidhani amepata kocha na mlezi kwa mpigo. Kocha hunoa ujuzi mmoja kwa muda maalumu, tuseme kumtuliza mteja mwenye hasira, na matokeo huonekana upesi. Mlezi hutazama mbali: mfanyakazi huyu atakuwa nani kazini baada ya miaka 10? Kathy Kram, Mmarekani, alionyesha katika kitabu chake cha 1985 kwamba mlezi humfungulia kijana milango na pia humtia moyo. Utasema kampuni ndogo haina watu wa kugawana majukumu hayo. Ni kweli, ila nani atamweleza hofu zake bosi anayemjazia fomu ya tathmini? Mlezi atoke idara nyingine, hata nje ya kampuni.