Fundi wa kigeni: vibali viwili, milango miwili

WAFANYABIASHARA wadogo wanaoagiza mitambo kutoka nje mara nyingi hulazimika kuagiza na fundi wa kuiendesha. Bei ya mtambo hukadiriwa mapema, lakini gharama na muda wa kumhalalisha fundi husahaulika hadi wakaguzi wabishe hodi.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa suala hili ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo. Sheria hiyo ilitenganisha mambo mawili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na mwenye kibali cha ukaazi pekee hana ruhusa ya kufanya kazi.

Vibali vya kazi vina madaraja matano. Daraja A ni la mwekezaji au aliyejiajiri. B ni la fani zilizotajwa, wakiwamo wataalamu wa afya, wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. C ni la fani nyingine, na ndimo mafundi wengi huangukia. D ni la watumishi wa taasisi za dini na misaada, na E ni la wakimbizi.

Mwajiri huombwa athibitishe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa. Aidha, hutakiwa kuwa na mpango wa urithishaji, yaani kuonyesha ni Mtanzania gani atafundishwa na lini atashika nafasi hiyo. Kibali hudumu miezi 24, na pamoja na kuhuishwa hakizidi miaka 8. Hivyo, kiwanda kisichomwandaa mrithi kinaweza kubaki na mtambo usio na wa kuuendesha.

Wenye biashara Zanzibar wakumbuke kuwa kazi si suala la Muungano. Kibali cha kazi cha Bara hakitumiki Visiwani, ingawa Uhamiaji ni wa Muungano.

Tahadhari nyingine ilikuja Julai 2025, Serikali ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15, zikiwamo kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu na kununua mazao shambani. Mgeni akipatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miezi 6, na huweza kufutiwa viza na kibali. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Kwa hiyo, kumwazima mgeni jina la leseni si msaada tena, ni hasara. Anayepanga kuajiri aanze na vibali, ndipo anunue tiketi ya fundi.