Kabla hujanunua upanga wa gemu, jua unalipia nini

Umekaa wiki tatu ukiua majoka. Mhusika wako ana upanga unaowaka moto, deraya inayong'aa gizani, na majina ya zana zake yameandikwa kwa rangi ya zambarau, ile ya vitu adimu. Unaingia uwanjani kupigana na mchezaji mwenzako, binadamu kama wewe. Sekunde nane baadaye uko chini. Huo upanga hata hukuuinua.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayetupa simu kitandani akisema gemu ni ya wizi. Kuna anayefungua duka la gemu, akatazama bei, kisha akatazama salio lake. Kijana mwenzangu, kabla hujafuata mmoja wao, jiulize swali moja: gemu hii inamtuza nani? Mwenye muda, mwenye ujuzi au mwenye pesa?

Gemu za fantasia za mtandaoni zinafanana kwa sura. Kote kuna wachawi, mapanga na majoka. Lakini ukichunguza jinsi zinavyogawa zana za kupigana na wachezaji wengine, utakuta kila moja ina sheria yake ya nani anastahili kushinda. Ukiijua sheria hiyo mapema utaokoa bando, usingizi na pesa.

Joka si binadamu

Tuanze na kile kichapo. Joka la kompyuta lina tabia zake. Linampiga yule anayelikasirisha zaidi, linarudia mashambulizi yale yale, na halimkimbilii mponyaji wenu aliyejificha nyuma. Ndiyo maana mhusika wa kuua majoka hupangwa kwa hesabu rahisi: nguvu nyingi za kushambulia, kwa muda mrefu, bila kukatizwa.

Binadamu hakupi nafasi hiyo. Anamwendea mponyaji kwanza. Anakuduwaza usiweze kusogea, anakugeuza kondoo, halafu anamwaga mapigo yake yote makali kwa sekunde chache. Katika World of Warcraft, ambayo imekuwa hewani tangu Novemba 2004, kuna kipambo mashuhuri ambacho hakiongezi nguvu ya upanga. Kazi yake ni kukutoa kwenye hali ya kuduwazwa. Ukiingia uwanjani bila njia kama hiyo ya kujinasua, upanga wako wa moto utabaki mkononi ukisubiri.

Kwa hivyo mpangilio wa mhusika wa kupigana na watu hujibu maswali manne. Nitamfikiaje adui? Nitatorokaje? Nitavumilia vipi mapigo ya sekunde tano za kwanza? Na nitamuua kwa mkupuo gani kabla hajatibiwa? Ukikosa jibu la hata moja, ongeza uhai au kasi kabla ya kuongeza makali.

Zana za kulipia kwa usingizi

Sasa turudi kwa sheria za kutuza. Mwaka 2005, World of Warcraft ilileta ngazi 14 za heshima kwa wanaopigana na wachezaji wengine. Kileleni kulikuwa na vyeo vya Grand Marshal na High Warlord, na silaha zilizoambatana navyo zilikuwa miongoni mwa bora zaidi katika gemu nzima wakati huo.

Ujanja ulikuwa kwenye hesabu. Haikutosha kufikisha pointi fulani. Kila wiki ulilinganishwa na wenzako wa upande wako kwenye seva yako, na heshima uliyokusanya ilipungua wiki ikigeuka. Ukipumzika, mwenzako anakupita. Matokeo yake ni kwamba kuna waliopeana nywila na marafiki ili mhusika mmoja achezwe usiku na mchana kwa zamu, kama matatu yenye madereva wawili.

Mfumo huo uliondolewa mwishoni mwa 2006, lakini roho yake ingali hai kwenye gemu nyingi za simu. Ukiona zawadi inayotolewa kwa kulinganisha saa zako na saa za wengine, huku kukiwa na adhabu ya kukosa siku, jua hapo bei ni usingizi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hawezi kushindana na mtu asiye na kazi wala shule. Hilo halihusiani na kipaji chako.

Ujuzi ulipopewa kiti

Januari 2007 mambo yalibadilika. Upanuzi wa Burning Crusade ulileta viwanja vya timu ndogo: wawili kwa wawili, watatu kwa watatu, na watano kwa watano. Timu ilipewa alama zinazopanda ikishinda na kushuka ikishindwa. Timu iliyocheza mechi 10 kwa wiki iliruhusu wachezaji wake kupata pointi za kununulia zana, hata kama ilipoteza nyingi. Aliyeshinda zaidi alipata zaidi, lakini mnyonge naye alisonga taratibu. Cheo cha Gladiator kilibaki kwa asilimia 0.5 ya timu za juu, pamoja na joka la kupanda ambalo kila mtu mjini alilikodolea macho.

Ndipo pia ilipokuja sifa ya ustahimilivu kwenye deraya. Ilipunguza uwezekano wa kupata pigo kubwa la ghafla na kupunguza makali ya pigo hilo. Maana yake ilikuwa kwamba aliyetoka kuua majoka na deraya yake nzuri aliingia uwanjani akiwa kama uchi. Wengine walilalamika kwamba sasa wanahitaji kabati mbili za nguo: moja ya majoka, nyingine ya watu. Lalamiko hilo lina ukweli. Ustahimilivu ulimkinga mpiganaji wa uwanjani, ila ulimfungia mlango mgeni. Ukiingia ukiwa umechelewa, unapigwa na watu wenye nguo usizo nazo, na nguo hizo zinapatikana kwa kwenda kupigwa.

Je, tuondoe zana kabisa?

Guild Wars 2, iliyotoka Agosti 2012, ilijibu swali hilo bila kupepesa. Ukiingia kwenye mechi zake za uwanjani, kila mtu anapandishwa hadi kiwango cha 80 papo hapo. Zana ulizotafuta kwingine hazihesabiki. Unachagua hirizi inayokupa sifa zako, nakshi za silaha na za deraya, na ujuzi wako. Hirizi na nakshi hizo zimefunguliwa kwa kila mtu. Watano dhidi ya watano, vituo vitatu vya kuteka, wa kwanza kufikisha pointi 500 ashinde. Zawadi zake kubwa ni mapambo na vyeo, si makali ya upanga. Hata wanaocheza bila kulipa waliruhusiwa kuingia tangu gemu ya msingi ilipofanywa ya bure 2015.

Hapo huna kisingizio. Ukishindwa, umeshindwa kwa mpangilio au kwa vidole. Lakini usawa nao una gharama yake. World of Warcraft ilijaribu kitu kama hicho 2016, ambapo sifa za zana zilibadilishwa na kiolezo kimoja ukiingia uwanjani. Wengi walisema wamekosa hamu, kwamba unashinda usiku kucha na kesho mhusika wako ni yule yule. Mwaka 2018 kiolezo kikaondolewa, ila maduka ya kununua zana za uwanjani hayakuwepo na zawadi zikaja kwa bahati nasibu. Kelele zikaongezeka, hadi maduka yakarudishwa 2020.

Unaona mvutano ulivyo. Mchezaji anataka mechi ya haki, lakini pia anataka jasho lake lionekane. Gemu nzuri hupima yote mawili: zawadi inakusogeza mbele kidogo, lakini haimzimi mgeni.

Ukifa, umevuliwa

Kuna njia nyingine kabisa, nayo ipo kwenye simu yako. Albion Online ya kampuni ya Sandbox Interactive, yenye makao Berlin, Ujerumani, ilitoka 2017, ikawa ya bure 2019 na kuingia rasmi kwenye simu Juni 2021. Humo hakuna kuchagua mwanzoni kuwa mchawi au askari. Unachovaa ndicho kinachokufanya uwe vile ulivyo. Ukivua joho na fimbo ya moto ukavaa deraya na nyundo, umekuwa mtu mwingine.

Ramani ina rangi. Kwenye maeneo ya buluu na manjano, huwezi kupoteza zana zako kwa kuuawa na mchezaji mwingine. Kwenye maeneo mekundu na meusi, ukifa unaacha kila kitu, kuanzia ulichovaa hadi kilicho mfukoni. Vingine huharibika palepale, vilivyobaki ni ngawira ya aliyekuua. Na kwa kuwa zana hutengenezwa na wachezaji wenyewe, kila kifo ni biashara kwa fundi fulani.

Wageni wengi huumia hapa kwa sababu moja: wanavaa utajiri wao wote siku ya kwanza. Wazoefu hufanya kinyume. Hununua seti kadhaa za bei nafuu zinazofanana, wakizijua kama wanavyojua viganja vyao. Ukiona huwezi kulipia nguo hiyo hiyo mara tano, usitoke nayo nje ya lango. Lakini usiifungie hazina pia milele. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Angalia pia umbali wa seva. Albion ina seva za Amerika, Asia na Ulaya, na hakuna ya Afrika. Ukiwa Nairobi au Mombasa, amri yako husafiri mbali kabla haijafika, na kuchelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde ni kawaida. Kwa hivyo achana na mpangilio unaotegemea kuzima pigo la adui kwa wakati kamili. Chagua silaha inayosamehe, yaani yenye eneo pana la kupiga, kinga ya kuwashwa mapema, au uhai wa kutosha kuvumilia kosa moja.

Pale pesa inapopigana badala yako

Kundi la mwisho ndilo la kuogopa. Diablo Immortal ilitoka Juni 2022, imetengenezwa na Blizzard pamoja na NetEase ya China. Kuipakua ni bure. Sehemu kubwa ya nguvu za mhusika hutokana na vito vya thamani unavyopachika kwenye zana, na njia ya haraka ya kuvipata ni kununua beji za kuingilia mapango yanayotoa vito kwa bahati nasibu. Hata ukibahatika kupata kito cha daraja la nyota tano, chenyewe kinaweza kuja na ubora wa nyota mbili tu kati ya tano. Kisha kukipandisha kunadai vito vingine vingi. Na nguvu hizo huingia nawe kwenye vita dhidi ya wachezaji wengine.

Gemu hiyo haikuzinduliwa Ubelgiji wala Uholanzi, nchi zenye msimamo mkali kuhusu masanduku ya bahati nasibu ndani ya gemu. Ubelgiji ilitangaza 2018 kwamba masanduku ya aina hiyo yanayolipiwa ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Hilo neno kamari lishike vizuri. Ukinunua deraya yenye bei, unajua unachopata. Ukinunua nafasi ya kupata deraya, umeweka dau, hata kama skrini inachora malaika.

Basi ufanyeje?

Kwanza, tafuta sheria ya zana kabla ya kucheza wiki mbili. Je, nguvu za zana zinaingia uwanjani? Zinapatikana kwa mechi, kwa saa au kwa duka? Maswali haya hujibiwa kwa dakika kumi za kusoma maelezo ya gemu na kuuliza wachezaji wa zamani.

Pili, jenga mhusika mmoja kikamilifu badala ya wanne nusunusu. Anza na kinga na njia ya kutoroka, kisha makali. Cheza mechi ishirini kabla ya kubadilisha chochote, na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja ili ujue kilichosaidia. Ukiiga mpangilio wa bingwa, uliza ni nani anamponya. Mpangilio wa timu yenye muuaji wa kuvizia, mchawi na kasisi hauwezi kukufaa ukiwa peke yako na simu yako.

Tatu, kama unalipa, lipia kinachoonekana: vazi, farasi, upanuzi wenye bei kamili. Weka kikomo cha mwezi kabla ya kufungua duka, usikiweke baada ya kupigwa. Pesa nyingi hutoka mtu akiwa na hasira ya kichapo, na wenye duka wanalijua hilo. Na usimnunue mtu akupandishie cheo kwa kutumia akaunti yako. Kampuni nyingi hufunga akaunti kwa kosa hilo, na nywila ikishatoka mikononi mwako huna uhakika itarudi.

Mwisho, kama umegundua kwamba gemu unayocheza inatuza usingizi au pesa usizo nazo, una ruhusa ya kuhama. Utaacha upanga nyuma, ndiyo. Lakini kusoma mwendo wa adui, kujua wakati wa kutoroka na kuelewana na wenzako bila maneno mengi, hivyo utahama navyo.