Kustaafu mapema na kuhamia kijijini Songea: Akiba itafika wapi?

Songea. “Kijijini maisha ni nafuu.” Kauli hiyo imewatoa wengi mjini kabla umri wa kustaafu haujafika. Mahindi yapo ghalani, mboga ipo nyuma ya nyumba na hakuna mwenye nyumba anayebisha hodi kudai kodi ya miezi sita.

Kwa vijiji vinavyoizunguka Songea, hayo ni kweli kabisa. Lakini hela huisha hata kijijini, na mara nyingi si chakula kinachoimaliza. Huishia kwenye shamba, ugonjwa na ndugu.

Pengo kabla ya miaka 55

Tanzania, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Ili kupata pensheni ya kila mwezi, mwanachama wa PSSSF au NSSF anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Anayeacha kazi akiwa na miaka 50 hana pensheni ya kumpokea. Michango yake inabaki kwenye mfuko ikisubiri umri utimie. Fao la upotevu wa ajira nalo ni la aliyepoteza kazi, si la aliyejiuzulu mwenyewe.

Maana yake ni miaka mitano, sawa na miezi 60, ya kula akiba tu.

Hesabu ya milioni 30

Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 50 anayerudi nyumbani na Sh30 milioni. Kwa haraka haraka, akizigawa kwa miezi 60 anapata Sh500,000 kwa mwezi. Kijijini hizo ni hela nzuri.

Lakini nyumba haijaisha. Bati, madirisha, choo na kuvuta umeme vikichukua Sh8 milioni, zinabaki 22. Akitenga Sh6 milioni za dharura, zinabaki 16. Zikigawanywa kwa miezi 60, ni kama Sh266,000 kwa mwezi.

Bei nazo hazisimami. Zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, kinachonunuliwa leo kwa Sh266,000 kitahitaji takriban Sh311,000 mwaka wa tano ukianza. Anayetumia yote miaka ya mwanzo atabanwa mwishoni, wakati umri nao umesogea.

Songea hela ina msimu

Mjini mshahara huingia kila mwezi. Songea kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei. Mavuno ya mahindi huanza kushika kasi Juni.

Kwa hiyo kuanzia Novemba hela inatoka tu: mbegu, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na vibarua wa palizi. Januari ada na sare za shule zinaingia humohumo. Kinachorudi hakionekani mpaka Julai au Agosti.

Ndiyo maana kugawa akiba sawasawa kwa miezi 12 hakufanyi kazi. Mwenye bajeti nzuri hutumia kidogo kati ya Julai na Oktoba, wakati chakula ni kingi na bei iko chini, ili abaki na hela ya Novemba hadi Februari.

Silaha kubwa hapa ni ghala. Familia ya watu watano inayokula ugali kila siku inahitaji takriban magunia sita ya kilo 100 kwa mwaka. Ikivuna au kununua Julai, ikakausha vizuri na kuhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, imejikinga na bei ya Januari na pia na dumuzi.

Shamba lisile akiba

Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu anafika na hela mkononi, anakodi ekari 10 mwaka wa kwanza, anaajiri vibarua na kuweka mbolea. Mvua ikikatika au bei ya mahindi ikishuka, robo ya akiba imekwenda.

Ni salama zaidi kuanza na ekari moja au mbili za chakula na kujifunza udongo. Ajiandikishe pia kwenye daftari la wakulima kijijini, kwani mbolea ya ruzuku huwafikia waliosajiliwa. Shamba la biashara lisubiri, na mtaji wake usitoke kwenye fungu la chakula wala la dharura.

Anayenunua ardhi ya kijiji apite halmashauri ya kijiji, mipaka ipimwe majirani wakiwepo, kisha afuatilie hatimiliki ya kimila. Karatasi ya makubaliano ya watu wawili pekee imeleta kesi nyingi.

Hela ikae wapi?

Fungu la mwaka huu likae benki au kwenye simu, pale linapochukulika. Fungu la mwaka wa pili na kuendelea linaweza kuzalisha kidogo. UTT AMIS ina Mfuko wa Hatifungani, ambapo mwekezaji anaweza kuchagua gawio la kila mwezi au la kila miezi sita. Hatifungani za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu hulipa riba mara mbili kwa mwaka.

Tahadhari ni moja: hela itakayohitajika ndani ya miaka mitano isifungwe kwenye hatifungani ya miaka 20 au 25. Na anayeahidi kuizidisha mara mbili kwa miezi michache akimbiwe. Waliopanda “mbegu” DECI wanakumbuka yaliyotokea mwaka 2009.

Ugonjwa na ndugu

Songea kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Peramiho kuna hospitali ya misheni inayojulikana kusini nzima. Huduma zipo, ila anayeacha kazi mapema aulize bima yake inaishia lini kabla hajasaini barua, kisha atafute nyingine. Upasuaji mmoja unaweza kumaliza fungu lote la dharura.

Ndugu nao wana haki yao. Misiba, harusi na ada za watoto wa kaka haviepukiki, na anayekataa kila kitu hataishi vizuri na watu. Dawa ni kutenga kiasi cha michango kwa mwaka, na kikiisha kusema wazi kwamba kimeisha. Asitangaze alichonacho benki.

Ajaribu Januari

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mtu anaweza kuishi miezi mitatu hukohuko mjini kwa ile Sh266,000, ukiondoa kodi ya nyumba na nauli za kazini. Ikimshinda, kijiji peke yake hakitamwokoa.

Likizo ya kwenda kutazama maisha nayo aichukue Januari. Julai kila nyumba ina mahindi na kila mtu anacheka. Januari njia ni tope, palizi imeanza, ghala limepungua na ada inadaiwa. Akiona anaweza kuishi mwezi huo bila kukopa, basi anaweza kuhama.