Katena: udongo wa juu na wa chini ni ndugu

Barabara ya Embu kwenda Meru haifuati mteremko wa Mlima Kenya, inaukata. Kwa hiyo gari hupanda mgongo, likashuka bondeni, likavuka mto, likapanda tena: Thuci, Nithi, Mutonga na vijito vingi katikati. Msafiri akitazama kando ya barabara ataona jambo linalojirudia. Juu ya mgongo udongo ni mwekundu na mzito, umebeba kahawa, makadamia na mahindi. Ubavuni, penye mteremko mkali, tabaka la juu limepungua. Chini karibu na maji wekundu unafifia, unyevu unazidi, na hapo ndipo penye nduma, migomba na napia. Kwenye mgongo unaofuata, mpangilio ni uleule.

Wanasayansi wa udongo huuita mpangilio huo katena. Ni neno la kitaalamu lisilosikika mara nyingi hata miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza, lakini lilizaliwa hapa kwetu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alilipendekeza mwaka 1935. Alilitoa katika Kilatini, ambamo maana yake ni mnyororo.

Milne alikuwa na shida ya kuchora ramani. Eneo lilikuwa kubwa, na udongo ulibadilika ndani ya hatua mia chache. Kuchora kila ukanda mwembamba hakukuwezekana. Kuliita eneo lote kwa jina la udongo mmoja kungekuwa uongo. Ndipo akaamua kuuchora mnyororo mzima kama kitu kimoja: aina kadhaa za udongo zinazofuatana kutoka juu hadi bondeni, na kurudia mfuatano huo kila mahali penye umbo la ardhi kama hilo. Ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936.

Kinachoziunganisha pete za mnyororo huo ni maji. Juu, maji hupenya na kuondoka, hewa huingia, na chuma kilichomo udongoni hupata kutu. Ndio wekundu tunaouona. Mvua ikipiga ubavuni huchukua chembe laini na kuzishusha. Maji yanayopita chini kwa chini nayo hubeba madini yaliyoyeyuka. Bondeni maji yakituama, hewa hukosekana, chuma huyeyuka, na udongo hubaki wa kijivu. Udongo wa chini, basi, umejengwa kwa sehemu na kile kilichopotea juu.

Neno hili limetumiwa kwa maana zaidi ya moja. Milne alikubali katena za namna mbili: ile iliyo juu ya mwamba wa aina moja, na ile ambayo mteremko wake umekata miamba tofauti. Wamarekani walipolichukua, walilibana libaki kwa namna ya kwanza pekee, ambapo tofauti huletwa hasa na jinsi maji yanavyopita.

Tahadhari nyingine inatuhusu zaidi. Ukishuka kutoka kwenye majani chai ya Kianjokoma, ukapita kahawa ya Embu, ukafika Siakago penye ndengu, mtama na muguka, umeona mabadiliko makubwa ya udongo. Hata hivyo hiyo si katena. Katika safari hiyo mvua imepungua, joto limezidi, na mwamba wa volkano umekwisha ukaacha miamba ya kale zaidi. Hizo ni kanda za kilimo. Katena hukaa ndani ya kila ukanda, kati ya mgongo mmoja na mto wake. Mara nyingi hukaa ndani ya shamba moja.

Na hapo ndipo neno hili linapogusa maisha ya mkulima. Mashamba mengi ya Embu na Meru ni vipande virefu vinavyoshuka kutoka barabara ya juu hadi mtoni. Mkulima akichota udongo wa juu na wa bondeni, akauchanganya na kuupeleka maabara, majibu yatakayorudi hayatakuwa ya udongo wowote alionao. Chokaa iliyohitajika juu inaweza kumwagwa pasipohitajika. Inafaa kila sehemu ya mteremko ipimwe peke yake, na ushauri wa afisa wa kilimo uanze kwa kuuliza: ni juu, ubavuni au chini?

Urithi pia unahusika. Ndugu wawili wakigawana kwa kukata mteremko katikati, mmoja hupata udongo unaoondoka, mwingine unaopokea. Wakikata kwa urefu, kila mmoja hupata pete zote, ingawa kipande huwa chembamba. Vyovyote watakavyokata, matuta ya fanya juu yanayochimbwa ubavuni ni shughuli ya wote wawili, kwa kuwa mvua haitambui mpaka waliouweka.